Miezi Mitatu ya Adabu

Mwavita aliposhuka kutoka boti la mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mwezi uliopita, hakunikumbatia wala hakulia, ingawa tulikuwa hatujaonana tangu vita vya Wajerumani na Wabeligiji. Alinishika mikono yote miwili, akaipandisha hadi puani na kuinusa kama mtu anayemchunguza samaki kabla ya kumnunua. Kisha akacheka kwa meno yake machache yaliyobaki. "Weye Riziki," akasema, "mikono yako ingali inanuka mawese!" Nikamjibu kwamba hapa Rumonge hata mtoto mchanga ananuka mawese, na kama alitaka mikono ya marashi angeshukia Usumbura. Watu waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani wakatucheka, vibibi viwili vinanusana mbele ya kadamnasi. Alikuja kwa harusi ya mjukuu wake, akakaa kwangu siku kumi na moja, na tangu aondoke sijaweza kufanya kazi yoyote ya maana. Ninakaa mlangoni nikifikiri juu ya ule mwaka wa Bwana Makome. Nimeona afadhali niuandike, maana sisi wawili tukienda hakuna atakayebaki wa kuujua.

Wajukuu wangu wakiniona nashika kalamu hutaka nianze na ukoo: nani alitoka Ujiji, nani alivuka kutoka Umanyema na msafara wa nani. Hayo kawaulizeni wazee wengine, wapo wanaoyapenda. Mimi nina mwaka mmoja tu, na nikitaka kuuingia huanza na chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya Shangazi Sauda, aliyekuwa akinilea, na ndicho peke yake katika mtaa wetu wa Waswahili kilichokuwa na mlango wa mbao na kufuli ya kutoka Ujiji. Ukutani fundi alipigilia rafu za mbao za mtumbwi uliovunjika, na mbao zile hazikuacha kunuka samaki mpaka mwisho. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa matete, ndipo tulipolala mimi na Mwavita kwenye mkeka mmoja. Tulikuwa rika moja, wari wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Mimi nilikuwa nimeshachumbiwa. Yeye aliletwa kwa Shangazi kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa mdogo sana, na kule alikotoka hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumpokea. Nimelisema hilo kwa sababu litahitajika mbele.

Bwana Makome alikuwa Mjerumani mzee mwenye magoti mabovu na kiko kisichotoka mdomoni. Jina lake halisi tulishindwa kulitamka, nasi hatukujisumbua. Hakuja kwa ajili ya pembe, wala kodi, wala kutafuta watu wa kubeba mizigo, jambo ambalo liliwatia watu wasiwasi zaidi kuliko kama angekuja kwa hayo yote. Alikuja kutafuta konokono. Alipiga hema lake karibu na mto Dama unapoingia ziwani, na mvua za kwanza zilipolitoboa, akaja kumwomba Shangazi chumba chenye kufuli aweke makome yake. Karani wake, Feruzi, kijana wa Ujiji mwenye kanzu safi na ulimi mkali, ndiye aliyetueleza shughuli yenyewe. Bwana alitaka kila aina ya konokono na kome, wa ziwani, wa mtoni, wa kwenye madimbwi na wa nchi kavu, kila mwezi kwa mwaka mzima. Alitaka kujua kama konokono nao wana majira yao, kama mahindi na maharage. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na nyama yao je? Itaozea ndani ya nyumba ninamosali?" Wakakubaliana kwamba konokono atachemshwa na kutolewa nyama huko huko nje, na kinachovuka kizingiti ni gamba tupu lililosafishwa. Bwana Makome alikubali haraka kwa sababu mvua ilikuwa inamnyeshea. Lilikuwa kosa lake la kwanza, ingawa hakuna aliyeliona.

Masika yale yalikuwa karamu. Wanawake wa mtaani waliingia kazini kwa ujira wa chumvi, na kila Ijumaa baada ya sala walileta vikapu vyao uani, Bwana akakaa kwenye kigoda, Feruzi akafungua kitabu. Kule bondeni chini ya michikichi, kuelekea Kizuka, kila shimo lililojaa maji lilikuwa na wakazi wake. Kulikuwa na konokono bapa kama kifungo, na wengine wa mviringo wakubwa kama limau. Chini ya makuti yaliyooza walikuwepo wadogo kuliko punje ya mchele, ambao Bwana aliwashika kwa ncha ya unyoya. Kulikuwa na mmoja wa madimbwini ambaye gamba lake lilizunguka kwenda kushoto badala ya kulia, na siku Mwavita alipomleta yule, Bwana Makome alisimama bila kukumbuka magoti yake. "Huyu anaandika kwa mkono wa kushoto!" akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. Tulicheka wiki nzima. Makome yaliyozidi hesabu ya kila aina tuliyamimina katika gunia la Shangazi, yachomwe yawe chokaa ya kupaka nyumba kabla ya Idi. Gunia lile lilijaa mpaka likasimama lenyewe pembeni mwa chumba.

Mwavita aliwashinda wote. Wengine walikwenda kuokota. Yeye alikwenda kutazama. Aliweza kuchuchumaa ukingoni mwa dimbwi mpaka Shangazi aanze kuita jina lake kwa hasira, kisha akarudi na konokono watatu tu, lakini watatu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Siku ya Ijumaa Bwana alikula nasi: bugali wa muhogo, ndagala waliopikwa kwa mawese, na mchicha wa lengalenga. Alijifunza kumega tonge kwa mkono wa kulia, ingawa mawese yalimtiririka hadi kwenye kiwiko, na Shangazi akampenda tangu hapo. Mgeni anayekula chakula chako bila kukunja uso si mgeni tena. Baada ya kula alikuwa akimuuliza Mwavita hili na lile, naye akijibu bila kuinua macho, kwa adabu, lakini pia bila woga. Mimi nilikuwa najivunia yeye. Ninaliandika hili wazi, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani sikumpenda.

Kisha mvua ikakatika. Mto Dama ukakonda, madimbwi yakawa tope, tope likawa udongo wenye nyufa, na konokono wakatoweka. Mwezi wa kwanza wa kiangazi vikapu vilikuja nusu. Upepo wa kusini ulianza kulipiga ziwa, na mawimbi yakatupa ufukweni makome ya ajabu yenye miiba, membamba kama ganda la yai, ambayo masika yote hatukuwa tumeyaona. Mwavita aliyaleta hayo, na hakuleta kitu kingine. Bwana akauliza wale wa madimbwini wamekufa wote? "Haikufa, Bwana," Mwavita akasema. "Iko inalala. Imefunga mulango yake, imeenda chini kabisa. Masika iko ya nchi kavu, kiangazi iko ya ziwa." Bwana akauliza kama anaweza kumwonyesha. Akajibu kwamba udongo umekuwa jiwe, na kuwachimbua ni kazi ya mwanamume na jembe zuri. Bwana akapuliza moshi wa kiko chake. "Basi tutangoja," akasema. "Kitabu kitatuambia kama ni kweli."

Alasiri ile ile, mimi na Shangazi tulikuwa upande wetu wa ukuta wa matete tukichambua maharage, tukamsikia ndani akitembea mbele ya rafu zake. Alisimama, akashusha pumzi ndefu, akamwambia Feruzi, "Kikapu kitupu. Nimetoka mbali sana kwa ajili ya kikapu kitupu." Labda alikuwa anatania. Watu wale hatukuwahi kujua wanapotania. Lakini niliuona mkono wa Shangazi ukiganda juu ya ungo. Kwake yeye, mgeni wake alikuwa amehuzunika ndani ya nyumba yake, na hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo. Nimeona mwanamke akikopa kuku kwa jirani ili mgeni asijue kwamba nyumba haina kitu. Nimeona watoto wakilala na uji ili mgeni apate samaki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sisemi kwamba tulilelewa vibaya. Shangazi alinyanyuka, akasubiri Bwana aondoke, akafungua kufuli kwa ufunguo wake na kulikokota lile gunia la chokaa.

Aliwaita wanawake wenzake, akawagawia makome yale wayalete tena vikapuni kana kwamba ni mapya. Mwavita hakuitwa, alikuwa ufukweni, na Shangazi alijua kwamba mtoto yule hana ulimi wa mambo kama hayo. Shida ilikuwa moja. Makome yale yalikuwa yamekauka na kupauka kama majivu, na mtu yeyote angeona kwamba si ya jana. Shangazi akayachovya majini, yakang'aa, lakini kabla uji haujaiva yalikuwa yamepauka tena. Hapo ndipo mimi niliposema. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Shangazi, tuyapake mawese kidogo, halafu tuyafute kwa kitambaa." Nikachovya kidole katika yale mawese mepesi yanayoelea juu ya chungu, nikasugua kome moja la madimbwini, nikalifuta. Likarudi uhai. Shangazi alinitazama kwa furaha ambayo hakuwahi kunionyesha hata siku niliyohitimu Kurani. "Mwanangu ana akili," akawaambia wenzake, nami nikavimba kichwa. Tuliyapaka siku ile, na Ijumaa iliyofuata, na nyingine zote za kiangazi. Bwana Makome hakunusa kitu, kwa sababu pua yake ilikuwa mali ya kiko.

Kwa hiyo kitabu kikaandika kwamba kiangazi hakibadilishi chochote. Wa madimbwini wako pale pale, wa chini ya makuti wako pale pale, tena na wale wa miiba wameongezeka. Bwana alikuna ndevu zake, akasema ni jambo la ajabu sana, akaandika. Na kila wanawake walipojaza vikapu, kikapu cha Mwavita kilionekana kitupu zaidi. Feruzi alianza kwa maneno madogo. Alisema kuna watu wanaookota mchangani tu kwa sababu mchangani ni karibu. Kisha akasema amemwona akizungumza na mabaharia. Ijumaa moja Bwana mwenyewe akamuuliza, kwa upole, kwa nini wenzake wanawapata wa madimbwini na yeye hawapati. Mwavita akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wamelala, Bwana. Uliza wenzangu waliwapata wapi." Mwanamke mmoja akakohoa, mwingine akasema, "Kuleee," akionyesha milima. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa, na vidole vyangu vilikuwa bado vinateleza.

Baada ya pale mambo yalikwenda haraka. Nilimsikia Feruzi nyuma ya ukuta akimwambia Shangazi kwamba Bwana hataki mtu mwongo katika kazi yake, na kwamba nyumba yenye heshima haifugi mwongo. Akasema kuna boti litakalovuka kurudi ng'ambo Ijumaa ijayo alasiri upepo ukitulia. Nahodha amekubali kumchukua Mwavita. Nilingoja Shangazi akatae. Ningemsikia hata kama angekataa kwa kunong'ona. Lakini angekataaje? Kusema kwamba Mwavita ni mkweli kulikuwa ni kusema kwamba nyumba nzima imemdanganya mgeni. Alisema tu, "Mtoto yule nimemlea." Feruzi akajibu, "Basi ulilea vibaya, mama." Na Shangazi, ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu wa ufukweni kuanzia Gitaza hadi Nyanza, alikwenda jikoni kuchochea moto.

Alfajiri ya kesho yake, kabla ya adhana, Mwavita aligeuka kwenye mkeka akaniuliza, "Weye unaniamini?" Nikasema, "Nakuamini." Lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyowahi kusema, maana katika dunia nzima hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini kunishinda mimi. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Shangazi, kwa kuwa binti aliyelelewa hamvui nguo mlezi wake mbele ya watu. Sasa nimezeeka, sina sababu ya kujipamba. Nilinyamaza kwa sababu yale mawese yalikuwa wazo langu, na nilikuwa nimesifiwa kwa ajili yake. Yeye aliamka, akachukua jembe la Shangazi nyuma ya jiko, akaondoka bila kunywa uji.

Aliondoka na jembe siku nne mfululizo. Alirudi jioni amechoka mpaka hawezi kushika tonge, na viganja vyake vikiwa vimechunika. Shangazi hakumuuliza kitu. Alimpaka dawa ya majani tu, akiwa ameinamisha uso. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, wanawake walipokusanyika na vikapu na Bwana Makome amekaa kwenye kigoda chake, Mwavita aliingia uani na bonge la udongo mkavu lililofungwa kwa majani ya mgomba, zito kiasi kwamba alitembea ameinama. Furushi lake la nguo lilikuwa tayari mlangoni. Kule ufukweni nahodha alikuwa ameshapakia. Aliomba karai, akaliweka bonge katikati, akamwaga maji juu yake, akachuchumaa. "Tungoje," akasema.

Tukangoja. Udongo ulitoa vipovu, ukanyamaza. Feruzi akasema ni mara yake ya kwanza kuona mtu anapika udongo. Wanawake wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Tukaleta chakula, samaki mukeke wa kuchoma na ndizi, na kila mtu akala akitazama karai. Mwavita hakula. Udongo uliendelea kulainika na kuteleza polepole pembeni, na ndani yake kukaonekana vitu vya mviringo, vyeusi, havitikisiki. Mtoto wa nahodha alitumwa kutoka ufukweni: nahodha anasema upepo umetulia, abiria wake yuko wapi? Feruzi akamwambia anakuja. Nikaona Mwavita anaanza kukunja shuka lake kiunoni, na nikajua kwamba ni sasa. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Na hapo kimoja cha vile vitu vyeusi kikasogea, kifuniko chake kikajifungua taratibu, na konokono akatoa pembe zake mbili majini akaanza kutembea. Alinitangulia kusema.

Bwana Makome alipiga magoti, yakalia kama kuni kavu, na kofia yake ikaanguka kwenye sahani ya ndizi. Alikaa hivyo muda mrefu, uso wake karibu na maji, kiko kimezimika. Mwingine akafungua mlango, na mwingine. Alikuwepo hata yule anayezunguka kushoto. "Wamelala," akasema kwa sauti ndogo. "Binti alisema wamelala." Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akageuza kichwa kutazama vikapu vilivyopangwa mstari, vimejaa, vinang'aa. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Basi hawa wametoka wapi?"

Shangazi Sauda aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika. Akajitanda kanga yake vizuri, kama anayekwenda mazikoni, akasimama mbele yake. "Wametoka kwangu, Bwana. Ni wa masika. Nimewagawa mimi peke yangu, nimewasugua mimi peke yangu. Hawa wanawake nimewalazimisha." Alisema peke yangu mara mbili, na mara ya pili alinitazama, na lile jicho lilikuwa amri. "Ulikuwa mugeni wangu. Ulisema kikapu kitupu. Ulitaka nifanyeje, utoke nyumbani mwangu na kikapu kitupu? Watu wangesema nini?" Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na nilijichukia.

Tulidhani atakasirika. Wazungu wa zama zile walikuwa na viboko, na sisi tulijua vinavyolia. Lakini Bwana Makome alianza kutikisika mabega, na ilichukua muda kabla hatujafahamu kwamba anacheka, na machozi yanamtoka. Alimwomba Feruzi kitabu, akapiga mstari mrefu juu ya miezi mitatu, ukurasa baada ya ukurasa, akaandika maneno pembeni. Feruzi aliambiwa atusomee. Akasoma: "Miezi mitatu hii ni ya adabu, si ya konokono." Kisha Bwana akamwinamia Mwavita kama Wazungu wanavyowainamia wake wa wakubwa wao, akamuuliza kama ataanza naye kiangazi upya kutoka mwanzo. Mtoto wa nahodha akarudi tena. Shangazi akamfukuza kwa mwiko, akamwambia mwambie baba yako hapa hakuna abiria, hapa kuna binti yangu. Akalichukua lile furushi mlangoni na kulirudisha chumbani kwa mkono wake.

Bwana Makome alikaa mwaka mwingine, akaondoka na masanduku yake. Mwavita aliolewa na fundi wa boti wa Baraka, mtu mwema, kisha vita vikalifunga ziwa, na maisha yakafanya kazi yake. Shangazi alikufa bila kuniambia neno moja juu ya ile siku. Nami nilibaki na yangu. Katika miaka hiyo yote nilipomkumbuka Mwavita, na nilimkumbuka kila madimbwi yalipoanza kukauka, nilikumbuka pia kwamba aliteseka siku nne na jembe kwa sababu nilishindwa kumalizia sentensi.

Siku ya kumi na moja ya Mwavita kwangu mwezi uliopita, boti likiwa linamngoja, tulikaa jikoni kwangu. Nilikuwa nakaanga ndagala wa njiani, yeye anachambua mchele. Nikamwambia. Nilimwambia yote, gunia, kitambaa, wazo la nani, na Shangazi aliyenificha. Nilisema bila kugeuka, nikitazama sufuria, mpaka ndagala wakaanza kuungua. Yeye aliendelea kutupa vijiwe nje ya ungo.

"Umekawia," akasema. "Miye nilijua tangu Ijumaa ya kwanza. Kome ya majini hainuki mawese."

Niliepua sufuria ili nipate kitu cha kushika. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini hakusema? Angewaambia tu wanuse vikapu. Lingekwisha siku ile ile, bila jembe, bila boti, bila kitu.

"Wangenusa makome," Mwavita akasema, "halafu wangetafuta mikono. Na mikono ingekuwa ya nani?" Akapuliza makapi. "Nikaona bora nichimbe. Udongo ilikuwa ngumu, lakini haiko kama kukuona weye unasimama pale mbele ya Bwana." Kisha akaninyooshea kiganja chake cha kulia nikione. Kovu lilikuwa pale bado, jeupe, chini ya vidole, mahali mpini wa jembe unapokaa. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikaupandisha puani na kuunusa. Ulinuka mawese; alikuwa amekula kwangu siku kumi na moja.